Kikombe Kimetengwa, Hewa Je? Upitishaji wa Hewa katika Nyumba za Zamani na Kinga ya Kifua Kikuu

Utangulizi

Mgonjwa anaporejea nyumbani kutoka kliniki akiwa ameambiwa kuwa ana kifua kikuu cha mapafu, familia nyingi huchukua hatua siku hiyo hiyo. Hutengewa kikombe, sahani na kijiko. Shuka zake hufuliwa peke yake. Kisha huhamishiwa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, ili asichanganyike na watoto. Jioni mlango hufungwa, pazia hushushwa, na mjukuu anayempenda bibi yake huingia kumpelekea uji na kukaa naye kidogo. Kila mtu katika nyumba hiyo anaamini kuwa tahadhari imechukuliwa. Kwa kweli kilichotengwa ni kikombe, ambacho hakiambukizi. Hewa, ambayo ndiyo njia ya maambukizi, imeachwa ikae palepale.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaowatembelea wagonjwa majumbani, na kwa wagonjwa na jamaa zao. Yanaeleza jinsi hewa inavyoingia na kutoka katika nyumba za zamani za pwani na miji yetu, namna ya kuipima bila kifaa cha gharama, na mambo yanayoweza kufanywa leo. Hoja yake kuu ni kwamba nyumba nyingi za zamani zilijengwa zikiwa na uwezo wa kupumua, na kwamba sisi wenyewe, kwa nia njema, tumeziziba.

Kifua kikuu husafirije hewani?

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa vimelea vya kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Hata hivyo, swali la namna vinavyotoka kwa mtu mmoja hadi mwingine lilichukua miaka mingi zaidi kujibiwa kwa uhakika. Katika miaka ya 1950, Richard Riley na wenzake huko Baltimore, Marekani, waliielekeza hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu hadi kwenye vizimba vya simbilisi vilivyokuwa juu ya wodi hiyo. Wanyama hao hawakumgusa mgonjwa, hawakula chakula chake wala hawakutumia chombo chake. Walivuta hewa tu, na baadhi yao wakaambukizwa. Kundi jingine, lililopewa hewa ya wodi hiyo hiyo baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno unaoua vimelea, lilisalimika.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akizungumza, hutoa vitone vidogo vya majimaji. Vile vikubwa huanguka sakafuni upesi. Vile vidogo hukauka vingali hewani na kubaki chembe za ukubwa wa mikroni 1 hadi 5, yaani sehemu chache tu za elfu ya milimita. Chembe hizo ni nyepesi kiasi cha kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa, na ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu ya anayezivuta. Ndiyo maana mtoto anaweza kuambukizwa katika chumba ambacho mgonjwa alikwisha kutoka.

Kutokana na ukweli huo hupatikana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kifua kikuu hakiambukizwi kwa kikombe, sahani, shuka wala kushikana mikono. Kumtenga mgonjwa kwa vyombo humwongezea unyonge bila kumkinga yeyote. La pili ni kwamba kinachoamua hatari ndani ya nyumba ni wingi wa chembe hewani na muda ambao watu huzivuta. Dawa hupunguza chembe zinazotolewa na mgonjwa. Hewa safi huzipunguza zile zilizokwisha kutolewa. Hatua hizi mbili huenda pamoja, na wala moja haichukui nafasi ya nyingine.

Nyumba za zamani zilivyopumua

Mafundi wa zamani hawakuwa na kiyoyozi wala feni, hivyo walilazimika kuutumia upepo. Walizijua kusi na kaskazi kama mabaharia walivyozijua, na walijenga wakizizingatia.

Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu, urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa chumba, hivyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, vyenye dari lililo juu. Katikati ya nyumba nyingi palikuwa na ua wa ndani ulio wazi juu. Hewa yenye joto ilipanda na kutokea uani, na hewa baridi zaidi kutoka kwenye vichochoro vyenye kivuli ikaingia kuchukua nafasi yake. Madirisha yalikuwa ya mbao yenye mabawa mawili, na yalipofunguliwa, uwazi wote ulikuwa wazi.

Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ambayo bado inaonekana Kariakoo, Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam na katika miji mingine mingi, ina mantiki yake. Mbele kuna baraza, katikati kuna ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani, na kila upande kuna vyumba vitatu. Milango hiyo miwili ikiwa wazi, ukumbi huwa mkondo wa upepo, na kila chumba huvuta au husukuma hewa kupitia mlango na dirisha lake. Nayo nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti ilipumua kupitia uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa, usiku na mchana.

Ubora wa majengo ya namna hii si hisia za kupenda mambo ya kale. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa vilivyofanywa katika hospitali 8 za Lima, Peru. Kwa kufungua madirisha na milango tu, vyumba vya wagonjwa vilibadilisha hewa yake kwa wastani wa kati wa mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vilivyotumia mitambo vilikadiriwa mara 12. Vyumba vya majengo ya kabla ya mwaka 1950, yenye dari refu na madirisha makubwa, vilifikia mara 40. Vile vya majengo ya kisasa zaidi vilifikia 17. Jengo kongwe lilishinda, lakini kwa sharti moja: madirisha yake yawe yamefunguliwa.

Tulivyoziziba

Wahenga walituasa kuziba ufa ili tusije tukajenga ukuta. Wasia huo ni mwema, lakini ufa na tundu la hewa si kitu kimoja, nasi tumeviziba vyote viwili.

Kwanza, idadi ya watu imeongezeka. Chumba kilichokuwa cha watu wawili sasa hupangishwa kwa familia nzima. Kabati huwekwa mbele ya dirisha na pazia hugawa chumba mara mbili. Pili, nyumba ya jirani imesogea, na dirisha lililotazama bustani sasa linatazama ukuta ulio umbali wa mkono mmoja. Tatu, madirisha ya mbao yameondolewa na kuwekwa ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata yakifunguliwa kabisa huacha nusu tu ya uwazi. Nne, matofali ya matundu yaliyokuwa juu ya madirisha yamezibwa kwa saruji ili kuzuia vumbi na mbu. Tano, ua wa ndani umeezekwa ili kupata chumba kingine cha kupangisha.

Kiyoyozi nacho huwadanganya wengi. Viyoyozi vya kawaida vya ukutani hupooza hewa iliyomo chumbani na kuirudisha humo humo. Haviingizi hewa ya nje. Chumba chaweza kuwa baridi na cha kupendeza huku hewa yake ikiwa imekwisha kupita katika mapafu ya watu wote waliomo. Feni ya mezani au ya darini pia huzungusha hewa tu, isipokuwa pale dirisha linapokuwa wazi.

Tundu dogo ndilo linaloamua

Hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi. Mtu hufungua dirisha kubwa, akafunga mlango, kisha akashangaa kwamba chumba bado kina harufu ya jana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji wa hewa kwa njia ya asili, lilitoa kanuni rahisi ya kukadiria. Zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la uwazi mdogo kuliko wote (mita za mraba), na kwa 3,600. Kisha gawanya kwa ujazo wa chumba (mita za ujazo). Jibu ni idadi ya mara ambazo hewa ya chumba hubadilika kwa saa. Ikumbukwe kuwa kanuni inatumia uwazi mdogo, si ule mkubwa.

Tuchukue chumba cha nyuma chenye urefu wa mita 3.5, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.8. Ujazo wake ni mita za ujazo 29.4. Kina dirisha lenye uwazi wa mita ya mraba 0.5 na mlango unaotazama uani. Upepo ni mdogo, mita 0.5 kwa sekunde.

Mlango na dirisha vikiwa wazi, hewa hubadilika takriban mara 20 kwa saa. Mgonjwa akitoka chumbani, asilimia 99 ya chembe alizoziacha huondoka kwa muda wa dakika 14 hivi.

Mlango ukifungwa, ukabaki na upenyo wa sentimita 2.5 tu chini yake, uwazi mdogo unakuwa mita ya mraba 0.02. Hewa inayopita chumbani hushuka hadi chini ya mara 1 kwa saa. Dirisha peke yake huendelea kubadilishana hewa kidogo na nje, lakini kwa mkondo huo wa kupita, kuondoa kiasi kile kile cha chembe kungechukua karibu saa 6. Dirisha ni lile lile.

Sasa tuufunge mlango kwa ajili ya usalama, lakini juu yake tufungue tundu la sentimita 60 kwa 25, lenye nondo na wavu. Bila kuhesabu kile ambacho wavu huzuia, hewa hubadilika takriban mara 6 kwa saa, na muda ule hushuka hadi dakika 46. Tundu moja la juu, kazi ya fundi kwa siku moja, limeibadilisha nyumba. Tarakimu hizi ni makadirio, kwani upepo hubadilika kila saa. Hata hivyo zinaonyesha wazi mahali pa kuanzia.

Kipimo cha udi

Si lazima mtu afanye hesabu ili ajue hali ya chumba chake. Kijiti kimoja cha udi kinatosha. Kiwashe, kisha kishike karibu na dirisha, karibu na mlango na katikati ya chumba, ukitazama moshi unakokwenda. Moshi ukipanda wima na kutanda chini ya dari, hewa imesimama. Ukivutwa upande mmoja, hewa inapita. Kizime baada ya kipimo, na usikitumie karibu na mgonjwa wa pumu au anayekohoa sana.

Moshi hufundisha pia jambo la pili, nalo ni mwelekeo. Kwa chumba cha mgonjwa, tunataka hewa itoke ukumbini, iingie chumbani, kisha itokee nje kupitia dirisha. Ikiwa inaingia kwa dirisha na kutokea ukumbini, basi inawapelekea wengine alichokohoa mgonjwa. Hapo ni heri ahamie chumba cha upande wa pili wa ukumbi. Kipimo kirudiwe majira yanapobadilika, kwa sababu chumba kinachofaa wakati wa kusi huenda kisifae wakati wa kaskazi. Aidha, katika nyumba zisizo na dari, kuta za ndani mara nyingi huishia chini ya paa na hewa huvuka juu yake kutoka chumba hadi chumba. Katika nyumba ya namna hiyo kufunga mlango si kinga. Kinga ni kuipatia hewa njia ya kutoka nje.

Mambo ya kufanya

Yapo mambo yasiyohitaji fedha wala ruhusa ya mwenye nyumba. Sogeza kabati kutoka mbele ya dirisha. Funga pazia pembeni mchana. Fungua mlango wa mbele na wa uani kwa pamoja, asubuhi na jioni. Futa vumbi kwenye wavu wa dirisha, kwani wavu uliojaa vumbi huzuia hewa kama ubao. Mgonjwa na apumzike barazani au uani mchana, ambako upepo na jua hufanya kazi bila malipo. Feni, kama ipo, iwekwe karibu na dirisha ikielekezwa nje, ili iisukume hewa ya chumba itoke.

Yapo mengine yanayohitaji gharama ndogo na makubaliano na mwenye nyumba: kuzibua matofali ya matundu yaliyozibwa na kuyawekea wavu, kufungua tundu juu ya mlango, kubadilisha dirisha la kuteleza liwe la mabawa. Mpangaji na mwenye nyumba wana maslahi ya pamoja hapa, kwa kuwa chumba kinachopitisha hewa hakioti ukungu upesi na kuta zake hudumu.

Matengenezo makubwa yahitaji uangalifu. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa usitobolewe bila fundi anayeujua, kwa kuwa ukuta huo ndio unaobeba boriti. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mabadiliko ya jengo yanahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Kuta hizo zisipigwe lipu ya saruji. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukungu unaofuata huwasumbua wenye pumu. Paa la zamani la asbesto lisitobolewe wala kuvunjwa na mtu asiye na utaalamu, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

Mbu, baridi na moshi

Watu hawazibi madirisha kwa ujinga. Wana sababu, na mhudumu wa afya anapaswa kuzisikiliza.

Sababu ya kwanza ni mbu. Mbu waenezao malaria huingia usiku, na uwazi wa chini ya paa ni mlango wao mkuu. Jibu ni wavu katika kila tundu na chandarua juu ya kila kitanda, si saruji.

Sababu ya pili ni baridi. Huko Njombe, Mbeya na Arusha usiku wa Juni na Julai huwa mkali, na wazazi wengi huamini kuwa upepo ndio unaoleta nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, navyo hustawi kupita kutoka mtu hadi mtu katika chumba kilichojaa na kufungwa. Mtoto mchanga ni lazima apate joto, lakini alipate kwa mavazi, blanketi na mwili wa mama yake, huku tundu la juu likibaki wazi mbali na kitanda.

Sababu ya tatu ni hatari kuliko zote: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kuleta joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke kuzisikia. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata kama dirisha limefunguliwa kidogo. Atakayekutwa na dalili hizo atolewe nje mara moja na kupelekwa kituo cha afya.

Kwa mhudumu wa afya

Katika ziara ya nyumbani kwa mgonjwa wa kifua kikuu, pamoja na kuhesabu vidonge, uliza maswali manne: mgonjwa analala wapi, analala na nani, dirisha hufunguliwa saa ngapi, na hewa hutokea wapi? Tazama kwa macho yako. Washa udi. Hakikisha kuwa waliokaa naye wamechunguzwa, na kwamba watoto walio chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakishathibitika kutokuwa na ugonjwa, wanapewa tiba kinga kwa mujibu wa mwongozo wa nchi. Mkumbushe mgonjwa kufunika kikohozi na kuvaa barakoa akiwa ndani pamoja na wengine katika majuma ya mwanzo ya matibabu, na kumaliza dawa zote hata akijisikia amepona. Kisha rudi kituoni kwako ukatazame chumba cha kusubiri wagonjwa kwa macho yale yale; kama madirisha yake yamefungwa, ushauri wako wa majumbani hautakuwa na uzito.

Hitimisho

Tumrudie bibi yule katika chumba cha nyuma. Hahitaji kikombe cha peke yake. Anahitaji dawa zake kila siku, kitanda kilicho karibu na dirisha lililo wazi, tundu juu ya mlango, na kiti uani mchana ambapo mjukuu wake anaweza kumpelekea uji wakazungumza kwenye upepo. Kikombe chake na kirudishwe kabatini pamoja na vya wenzake, na dirisha lake lifunguliwe leo.